Kuuza gemu ya simu kabla haijaisha: njia tatu, kila moja na deni lake

Hapa Ngamiani, Tanga, kuna fundi cherehani mwenye daftari la wateja waliompa arbuni ya nguo za Idi. Wiki tatu kabla ya sikukuu anakukaribisha kahawa na kashata. Siku mbili kabla, mlango umefungwa na cherehani inasikika kwa ndani. Anayetoza pesa za gemu ambayo haijaisha yuko kwenye kazi ileile. Ameshika arbuni ya watu, na swali ni ameahidi nini, na mteja ana nini mkononi wakati anasubiri.

Tulikwama watatu kwenye jambo hili kwa wakati mmoja. Rafiki yangu wa Chumbageni anatengeneza gemu ya mbio za baiskeli, ambamo kijana anapeleka mikate kwenye barabara za namba za Ngamiani kabla haijapoa. Binamu yangu wa Pangani anaingiza bao la kete kwenye simu. Mimi nina hadithi ya mapango ya Amboni, ya kijana anayemtafuta mbwa wake pangoni, maana hapa Tanga nani hajasimuliwa kwamba mbwa aliingia Amboni akatokea Kilimanjaro? Wote tuna kazi nyingine zinazotulisha, na hakuna mwenye akiba ya kukaa miaka miwili akijenga bila shilingi kuingia.

Njia tulizozipima ni tatu. Ya kwanza ni kuuza gemu mara moja ikiwa nusu, kisha kuendelea kuijenga bila kumtoza tena aliyenunua. Ya pili ni kuuza sura kwa sura. Ya tatu ni kukusanya mchango wa kila mwezi kutoka kwa kundi dogo na kuwapa kila toleo jipya moja kwa moja.

Tulivyopima

Tuliuliza mambo matano kwa kila njia. Pesa inaingia lini, na nani anakata chake njiani? Umemwahidi mchezaji nini hasa? Kila toleo jipya linakugharimu kazi gani, na linamla mchezaji bando kiasi gani? Malalamiko yanakufikia wewe au yanabaki hadharani yakikufukuzia wateja? Na ukikwama katikati, aliyelipa anabaki na nini? Hili la mwisho watu hulipita mbio. Mimi nimelipatia uzito kuliko mengine yote, na sababu utaiona huko chini.

Kuna mambo ya kujua kabla ya kuchagua chochote. Akaunti ya mtengenezaji ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Google inakata asilimia 15 kwenye dola milioni moja ya kwanza ya mauzo ya mwaka ukijiandikisha kwa kiwango hicho, na Apple inakata hivyohivyo ukijiunga na mpango wake wa wafanyabiashara wadogo. Kwa hiyo tusahau asilimia 30 tunayotishiwa nayo vijiweni. Hiyo ni ya wenye milioni zao. Kabla hujaweka bei, fungua orodha ya Google ya nchi ambazo watengenezaji wanaruhusiwa kuuza na kulipwa, uone ya kwako inasemaje siku hiyo.

Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haiachiwi kuweka app sokoni hivihivi. Lazima kwanza iwe na majaribio ya faragha yenye watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Watu 12 utawapata kwenye harusi moja. Kazi ni kuwazuia wasijitoe siku ya tisa.

La mwisho, ambalo limewaliza wengi: app ukishaiweka bure Google Play huwezi kuigeuza iwe ya kulipia. Itabidi ufungue app mpya kabisa na kuanza upya. Unachoruhusiwa ni kuongeza vitu vya kununua ndani yake.

Njia ya kwanza: kuuza mara moja, ujenzi ukiendelea

Mfano unaotajwa kila mahali ni gemu ya Minecraft. Ilianza kuuzwa 2009 ikiwa mbichi, kwa bei ya chini, na toleo lililoitwa kamili likatoka Novemba 2011. Waliowahi walilipa kidogo wakapata yote. Rafiki yangu wa baiskeli anataka kufanya hivyo: sh 2,000 leo ikiwa na barabara sita, sh 3,500 zikifika kumi na mbili, sh 5,000 ikikamilika.

Pesa inaanza kuingia mapema, na hesabu ni nyepesi. Kwenye sh 2,000 Google inachukua 300, wewe unabaki na 1,700 kabla ya kodi. Tatizo ni kwamba mteja analipa akiwa bado hajaonja, na hapa kwetu wengi hawajawahi kuunganisha njia yoyote ya malipo na Play Store. Wapo wanaotumia kadi za kidijitali zinazotolewa kwenye huduma za pesa za simu, lakini huyo ni mtu aliyeamua kweli kununua. Mpita njia hafanyi hivyo kwa gemu asiyoijua. Akinunua na asiipende, ana saa 48 za kuiomba Google imrudishie.

Ahadi ya njia hii ni pana na haina tarehe, na hapo ndipo utamu na sumu vilipo. Umesema "itaendelea kukua". Hujasema lini wala mpaka wapi. Mchezaji mmoja anadhani amenunua barabara kumi na mbili, mwingine anasubiri mji mzima na Raskazone yake na bandari. Rafiki yangu ameandika kwenye maelezo kwamba unachonunua ni barabara sita zilizopo, na kinachokuja baadaye ni nyongeza. Sentensi hiyo moja itamwokoa.

Kwa ufundi, njia hii ina huruma. Play hutuma sehemu zilizobadilika badala ya gemu nzima, kwa hiyo sasisho halimli mtu bando lote. Cha kuangalia ni faili linalotunza mchezaji alipofikia. Liwekee namba ya toleo tangu siku ya kwanza, ili ukibadilisha mpangilio miezi sita baadaye gemu ijue inasoma faili la zamani na iweze kulitafsiri, isimrudishe mtu mwanzo.

Maoni ndiyo sababu kubwa ya kuipenda. Ukiitoa kwanza kama majaribio ya wazi ya Google Play, ambayo yeyote anaweza kujiunga nayo, maoni ya wachezaji unayaona wewe peke yako, wala hayagusi nyota za hadharani. Na kama app ni ya kulipia, wanaojaribu wanainunua kama wateja wengine. Yaani unauza, unasahihishwa, na hakuna nyota moja ya hasira inayokuganda usoni. Apple hawana mlango huo. Kanuni zao zinakataa matoleo ya majaribio kwenye App Store, na TestFlight, ambako majaribio hufanyika, huruhusiwi kumtoza mtu chochote. Kwenye iPhone, basi, gemu yako iitwe nzima kwa ukubwa ilionao, na iwe nzima kweli.

Ukikwama? Mteja anabaki na baiskeli na barabara sita, na anaweza kuzizunguka mpaka achoke. Si haba.

Inamfaa mwenye gemu inayochezwa na kurudiwa: mbio, mpira, mafumbo, kujenga mji. Haimfai mwenye hadithi, kwani anayekula hadithi nusu haendi kuirudia nusu ileile mara ishirini.

Njia ya pili: sura kwa sura

Sisi tumelelewa na "itaendelea". Wazazi wetu waliisubiri gazetini, na sisi tunaisubiri kwenye simulizi za WhatsApp, ambapo sehemu kumi za kwanza ni bure, mhusika anafungua mlango, halafu unaambiwa tuma buku upate yote. Kwa hiyo mchezaji wa hapa hahitaji kuelezwa mfumo huu. Sura ya kwanza bure, zinazofuata zinanunuliwa ndani ya app.

Pesa inachelewa kuanza kwa sababu mpaka sura ya pili itoke hujauza kitu, na kila sura inapoteza watu. Chukua hesabu ya kufikirika. Watu 100 wamemaliza sura ya kwanza. Wanunue ya pili 40, ya tatu 30, ya nne 22, ya tano 18. Hizo ni sura 110 kwa sh 1,000, yaani sh 110,000, na ukitoa asilimia 15 unabaki na 93,500. Sasa wale 40 ungewauzia sura zote nne kwa pamoja, sh 3,000, ungepata 120,000, na baada ya makato 102,000. Umepata zaidi, umepata mapema, na wao wamelipa pungufu kwa kila sura. Unaona kishawishi kilivyo? Lakini kwenye hesabu ya kwanza huna deni na mtu. Kwenye ya pili unadaiwa sura tatu na watu 40, na sura hizo bado ziko kichwani mwako.

Ahadi hapa ina umbo na ina namba: ukisema tano, ni tano. Gemu ya Kentucky Route Zero iliahidi sura tano na kuziuza kwa pamoja tangu mwanzo. Ya kwanza ilitoka Januari 2013, ya tano Januari 2020. Walitimiza, ila mtu angeweza kuoa, kuzaa na kumpeleka mtoto darasa la kwanza akisubiri. Septemba 2018 kampuni ya Telltale, iliyojijengea jina kwa gemu za vipande, iliachisha kazi karibu wafanyakazi wake wote huku msimu wa mwisho wa gemu yake ya The Walking Dead ukiwa katikati na watu wameshaulipia. Kampuni nyingine, Skybound, iliingia ikaumalizia mwaka uliofuata. Wewe wa Chumbageni ukikwama, nani atakuja kukumalizia?

Ufundi wa njia hii ni mgumu kuliko unavyoonekana, na hapa niruhusu nijianike. Kwenye sura ya pili ya gemu yangu kijana anaweza kumwachia mzee wa pangoni kurunzi yake, au akatae. Nilidhani ni uamuzi mdogo wa huruma. Nilipoandika sura ya tatu nikasahau kabisa kwamba kuna mchezaji aliyeiacha ile kurunzi. Aliyeitoa alifungua sura mpya akasimama gizani, haoni ukuta, haoni njia, anasikia popo tu. Mmoja alicheza gizani dakika ishirini akidhani ni sehemu ya fumbo! Kurekebisha kulinichukua wiki mbili, kwa kuwa sura ya pili ilishauzwa na sikuweza kuibadilisha bila kuwavuruga waliokwisha imaliza. Kila uamuzi unaompa mchezaji kwenye sura ya kwanza unaufuga hadi ya tano. Uwe na wachache.

Kwa bando ni afadhali, kila sura inaweza kupakuliwa peke yake na ikafutwa ikiisha. Maoni, kwa upande mwingine, huja kwa kuchelewa. Mpaka uambiwe sura ya pili inachosha, umeshakuwa katikati ya ya tatu. Na nyota za hadharani zinaanza siku ileile unapotoa sura ya bure. Faida moja ni kwamba sura iliyokamilika ni kitu kizima, kwa hiyo hata kwenye iPhone unaweza kuitoa na kuuza nyingine ndani yake.

Ukikwama, aliyenunua moja moja amelipia alichokipata, ingawa atabaki na hadithi isiyo na mwisho, na hilo linauma kuliko sh 1,000. Aliyelipia msimu mzima anakudai uaminifu na pesa.

Inamfaa mwenye hadithi aliyekwisha kuiandika hadi ukurasa wa mwisho, hata kama hajaijenga. Asiyejua mbwa anatokea wapi asianze kuuza mlango wa pango.

Njia ya tatu: mchango wa mwezi

Binamu yangu hakuipanga. Alimwonyesha bao lake mzee mmoja karibu na kivuko cha Pangani, mzee akamwita mwenzake, na baada ya mwezi kulikuwa na kundi la WhatsApp lenye watu thelathini na mmoja wanaotuma sh 1,000 kila mwezi kwenye Lipa Namba yake, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu. Kila toleo jipya analituma kwenye kundi kama faili.

Pesa inafika siku hiyohiyo na hakuna asilimia 15, makato ni yale ya mtandao wa simu tu. (TRA, mamlaka ya mapato, hawajali imepita mlango gani, mapato ni mapato.) Kiwango chake kina dari. Sh 31,000 kwa mwezi inalipa bando na umeme, hailipi kodi ya nyumba. Kumbuka pia kwamba njia hii inaishi nje ya Play Store. Gemu iliyomo Play ikitaka kuuza kitu cha kidijitali ndani yake kwa kawaida inatakiwa kutumia mfumo wa malipo wa Google, kwa hiyo huwezi kubandika Lipa Namba kwenye skrini ya app hiyo.

Ahadi ni ndogo kwa ukubwa na nzito kwa marudio. Kila mwezi kitu kiwepo, hata kama ni kidogo. Usipokuwa na kitu, unakuwa na maelezo, na watu wanaokufahamu kwa sura huwezi kuwajibu kwa ukimya. Mwezi mmoja binamu aliuguliwa na mkewe, akasema wazi, akawaambia wasitume. Walituma.

Kwa ufundi, hapa ndipo nilipoumia. Kabla sijaenda Play nami nilikuwa nagawa faili. Kila app ya Android inatiwa saini kwa ufunguo wa mtengenezaji, na simu haikubali sasisho lenye saini tofauti. Ufunguo wangu ulikuwa kwenye laptopu moja tu, na masika moja paa lilivuja juu ya meza. Laptopu ikafa na ufunguo wake. Toleo jipya likagoma kwenye simu za watu 19. Ilibidi wafute gemu na kuiweka upya, na kwa kuifuta wakapoteza walikofikia. Wanne waliomba pesa zao nikawarudishia. Mmoja hakuomba kitu, ila kila tukikutana uwanjani Mkwakwani siku za mechi za Coastal Union huniuliza, "Vipi, leo umekuja na ufunguo?" Tunzeni nakala mbili, moja iwe nje ya nyumba. Ukiwa Google Play wao ndio hutunza ufunguo wa saini, na ufunguo wako wa pili, wa kupandishia faili, ukipotea unaombwa upya.

Bando ndilo linalouma, maana kila toleo ni faili zima. Simu itamwonya mtu kuhusu app ya kutoka nje ya duka, na wengine wataogopa, wana haki. Halafu kuna Xender, app ya kurushiana mafaili simu kwa simu. Mmoja analipa, jioni barazani wamerushiana sita. Binamu hakasiriki, anasema watatu kati ya wanachama wake waliingia kwa mtindo huo. Google nayo ilitangaza 2025 kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitataka app zote, hata za nje ya Play, ziwe za mtengenezaji aliyethibitisha utambulisho wake, kwa kuanzia na nchi nne mwaka 2026. Hizo nne si sisi, lakini jiandae.

Kwa maoni hakuna njia inayoifikia hii. Mzee mmoja alituma sauti ya dakika nne. Nilisikilizishwa. "Bwana mdogo, shikamoo sitaki, nataka haki yangu. Gemu yako inaniruhusu nisimame kwenye nyumba yenye kete tano. Tano si nyumba. Nyumba ni sita." Kisha akaeleza kanuni ya bao iitwayo takasia kwa mpangilio ambao binamu hakuwa ameukuta popote. Ukikwama, deni nalo ni jepesi kuliko yote, mwezi mmoja tu, na walicholipia tayari kiko kwenye simu zao.

Inamfaa mwenye watu kabla ya kuwa na soko.

Wewe uko wapi?

Gemu yako ikiwa inachezeka leo, kidogo lakini inachezeka, na unataka wageni wasiokujua, anza na ya kwanza kwa Android, kupitia majaribio ya wazi, na uandike kinachonunuliwa ni kilichopo.

Ukiwa na hadithi, ya pili, na uuze sura moja moja mpaka angalau nusu iwe imetoka. Msimu mzima uza ukiwa na sura zilizobaki kwenye simu yako mwenyewe, zimechezwa hadi mwisho. Mimi niko hapo. Sura ya tatu inanunulika, na kurunzi zote zinawaka.

Ukiwa na kijiwe, klabu, au darasa ambalo linakupigia simu kuuliza toleo jipya, ya tatu itakulea vizuri kuliko duka lolote.

Ukiwa hujawahi kumaliza gemu hata moja, hata iwe ndogo kiasi gani, usitoze kwanza. Toa kipande bure, ukijua app hiyo itabaki ya bure na utauza ndani yake baadaye.

Na ukitaka kuhama kutoka ya tatu kwenda ya kwanza, kama binamu anavyopanga, inawezekana. Unapoingia Play unaweza kupandisha ufunguo wako wa zamani, ili walio na faili lako wapokee masasisho bila kufuta kitu. Waliolipa kwa Lipa Namba, Play haiwajui, kwa hiyo utawapa misimbo ya bure, ambayo ina kikomo kwa kila robo ya mwaka. Binamu ana majina thelathini na moja kwenye daftari, yatatosha.